RAM Pacha: Tunalipia Nini Hasa?

Leo tuzungumze juu ya ushauri ambao karibu kila aliyewahi kupeleka laptopu kwa fundi ameusikia. Mteja analalamika kwamba mashine imekuwa nzito. Fundi anafungua kifuniko cha chini, anachungulia, anatikisa kichwa: "Kaka, RAM zako haziendani. Hii ya kampuni hii, ile ya kampuni ile. Toa zote mbili, weka pacha, uone itakavyoruka." Maneno hayo yanasemwa Kariakoo, yanasemwa Luthuli Avenue kule Nairobi, yanasemwa Kampala. Na kwa kuwa laptopu nyingi tunazonunua zilishatumika maofisini Ulaya kabla ya kufika kwetu, mara nyingi zikiwa na RAM za kuokoteza, jambo hili linagusa mifuko ya watu wengi. Je, ni kweli kwamba vipande viwili vya RAM vinavyofanana huipa laptopu kasi? Mimi nasema ushauri huo umechanganya mambo matatu tofauti. La kwanza ni jumla ya kumbukumbu iliyomo. La pili ni idadi ya chaneli zinazofanya kazi. La tatu ni ule upacha wenyewe, yaani chapa moja, namba moja, pakiti moja. La kwanza lina uzito mkubwa, la pili lina uzito kwa kazi fulani, na la tatu, ambalo ndilo linalouzwa kwa sauti kubwa, lina faida ndogo mno kwa mwenye laptopu.

Tuanze na mashine yenyewe. Kati ya prosesa na RAM kuna kidhibiti cha kumbukumbu. Zamani kilikaa kwenye chipu ya pembeni katika ubao mama. AMD ikakihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003, na Intel ikafanya vivyo hivyo mwaka 2008. Katika laptopu nyingi za kawaida kidhibiti hicho kina chaneli mbili, na kila chaneli ina upana wa biti 64, yaani baiti 8 kwa mkupuo mmoja. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 2400 hufanya mikupuo milioni 2,400 kwa sekunde. Zidisha kwa 8, unapata gigabaiti 19.2 kwa sekunde katika chaneli moja. Ukiweka kipande kwenye chaneli ya pili, kikomo kinapanda hadi gigabaiti 38.4. Kwa DDR4 ya 3200 ni gigabaiti 25.6 dhidi ya 51.2. Hapo fundi yuko sahihi kabisa: vipande viwili vinaweza kupitisha data mara mbili ya kimoja. Lakini tazameni kilicholeta ongezeko hilo. Ni chaneli ya pili iliyokuwa imekaa bure na sasa imepewa kazi. Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali tulipouliza kama kipande cha pili kimetoka kwa Samsung, SK Hynix au Micron, wala kama lebo zake zina rangi moja. Kidhibiti hugawa data kwa mafungu ya baiti 64, fungu hili chaneli hii, fungu lile chaneli ile, na kinachohitajika ili mgawo huo uende sawasawa ni nafasi ya ukubwa mmoja pande zote mbili.

Basi imani ya upacha ilitoka wapi? Haikutoka hewani, na ni haki kuwatetea mafundi wa zamani. Prosesa ya Pentium ilipotoka mwaka 1993 ilikuwa na njia ya kumbukumbu ya biti 64, ilhali vipande vya RAM vya siku hizo, vile vya pini 72, vilikuwa na biti 32 tu. Ilibidi viwekwe viwili viwili, tena vya ukubwa mmoja, na aliyeweka kimoja hakupata mashine ya polepole. Hakupata mashine kabisa, skrini ilibaki nyeusi. Kabla ya hapo, kwenye 486, vipande vya pini 30 vilikuwa na biti 8 kila kimoja na vilihitajika vinne. Baadaye vikaja vipande vya biti 64 ambavyo kimoja kilitosha, na suala la jozi likatulia kwa muda. Likarudi mwishoni mwa mwaka 2000, Pentium 4 za kwanza zilipotumia kumbukumbu za Rambus zilizolazimu kuwekwa kwa jozi, likarudi tena mwaka 2003 wakati chipseti za Intel 865 na 875 zilipoeneza chaneli mbili za DDR kwenye kompyuta za mezani na kudai vipande vinavyolingana ndipo chaneli zote mbili zifanye kazi pamoja. Mtu aliyejifunza ufundi katika miaka hiyo alifundishwa sheria iliyokuwa kweli. Tatizo ni kwamba mashine zilibadilika na sheria ikabaki midomoni.

Kilichobadilika ni hiki. Mwaka 2004, kwa chipseti za familia ya 915, Intel ilianzisha utaratibu iliouita Flex Memory, na kuanzia Januari 2005 familia hiyo ikaingia kwenye laptopu za Centrino. Chini ya utaratibu huo, vipande vikiwa vya ukubwa tofauti, kidhibiti huchukua sehemu inayolingana na kuiendesha kwa chaneli mbili, kisha kinachobaki hukiendesha kwa chaneli moja. Chukueni laptopu yenye kipande cha gigabaiti 4 na kingine cha 8. Gigabaiti 4 za upande mmoja zinaungana na 4 za upande wa pili, unapata gigabaiti 8 zenye chaneli mbili, na gigabaiti 4 za ziada zinatumika kwa chaneli moja. Hakuna kilichozimwa, hakuna kilichopotea. Kwa hiyo mwenye 4 na 8 anayeambiwa kwamba mchanganyiko wake "umeua" chaneli mbili anaambiwa jambo lisilo kweli. Na mwenye 8 ya kampuni moja na 8 ya kampuni nyingine ana chaneli mbili kamili kwa gigabaiti zote 16, hata kama vipande hivyo vilizaliwa nchi mbili tofauti, miaka mitatu mbali.

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi. Tukikubali kwamba chaneli ya pili inaongeza maradufu uwezo wa kupitisha data, mbona laptopu haiendi maradufu? Mbona mtu anayeandika barua, anayesoma barua pepe na kujaza jedwali la mahesabu haoni tofauti yoyote ya maana? Sababu ni kashe. Prosesa kama Core i5-8250U, iliyomo katika laptopu nyingi za mwaka 2018 zinazouzwa sasa kwa bei ya mtumba, ina megabaiti 6 za kumbukumbu ya haraka ndani yake, na juu ya hizo kuna kashe ndogo zaidi zilizokaa jirani na kila kiini. Prosesa hukisia itakachohitaji, hukileta mapema, na maombi yaliyo mengi hujibiwa humo humo bila RAM kuguswa. Ni sawa na nyumba yenye mtungi wa maji uliojaa: anayechota kikombe mtungini hajali kama kisima kina kamba moja au mbili. Wahandisi wa prosesa wamefanya kazi ya miongo kadhaa kuhakikisha kwamba ufinyu wa RAM hauonekani, na wamefaulu kiasi kwamba katika kazi za ofisini tofauti kati ya chaneli moja na mbili mara nyingi ni asilimia chache, chini ya kile ambacho jicho na kidole vinaweza kutambua.

Tena kuna jambo ambalo hesabu ya gigabaiti kwa sekunde hailionyeshi. Prosesa inapokosa kitu kwenye kashe, mara nyingi haihitaji mafuriko ya data. Inahitaji baiti chache, na inazihitaji sasa hivi. Hapo kinachoumiza ni muda wa kusubiri. Chaneli ya pili haipunguzi muda wa RAM kujibu ombi moja lililo peke yake. Kwa kweli muda huo haujasogea sana hata kwa vizazi vipya vya RAM. DDR4 ya 2400 yenye kiwango cha CL17 huchukua nanosekunde 14 hivi kuanza kujibu. DDR4 ya 3200 yenye CL22 huchukua 13.75, na DDR5 ya 4800 yenye CL40 huchukua karibu 16.7, yaani imerudi nyuma kidogo, ingawa inapitisha data mara mbili ya ile ya kwanza. Ndiyo maana programu za kupima kumbukumbu, zile zinazosoma RAM mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, huonyesha namba zinazokaribia maradufu mara chaneli ya pili inapowashwa, na mwenye duka hufurahi kumwonyesha mteja namba hizo. Ni namba za kweli. Zimepima uwezo wa mabomba, na kazi ya mteja huenda haijawahi kuyajaza.

Kuna sehemu moja ya laptopu, hata hivyo, ambayo huyajaza mabomba hayo kila siku, nayo ni chipu ya grafiki. Laptopu nyingi hazina kadi ya grafiki yenye kumbukumbu yake. Chipu ya grafiki imo ndani ya prosesa na inakula RAM ile ile inayotumiwa na Windows. Kuonyesha tu picha kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, mara 60 kwa sekunde, baiti 4 kwa kila nukta, ni karibu nusu gigabaiti kwa sekunde, bila kubana data. Skrini ya 4K ni gigabaiti 2, na anayeunganisha skrini mbili za aina hiyo ofisini amekwisha kutumia moja ya tano ya chaneli moja ya DDR4 2400 kabla hajafungua faili. Na hiyo ni kuonyesha tu. Kuichora picha yenyewe, hasa katika mchezo wa kompyuta wenye pande tatu, kunasoma na kuandika kumbukumbu mara nyingi kwa kila nukta. Linganisheni: GTX 1650 ya NVIDIA ya mwaka 2019, kadi ya bei ya chini, ilipewa kumbukumbu yake yenyewe ya gigabaiti 128 kwa sekunde. Grafiki ya ndani yenye kipande kimoja cha RAM inapewa 19 au 25, tena inagawana na prosesa. Kwa hiyo haishangazi kwamba kwenye michezo mingi, grafiki za ndani hupata ongezeko la robo hadi nusu, wakati mwingine zaidi, mara tu kipande cha pili kinapowekwa.

Kwa wasiotaka kuamini vipimo vya watu, kuna ushahidi kutoka kwa watengenezaji wenyewe, na mimi naona huu ndio wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu mtengenezaji hana faida ya kujishusha. Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha 11 mnamo Septemba 2020, grafiki iliyokuwa ndani iliitwa Iris Xe. Lakini Intel iliweka sharti: jina hilo hutumika tu pale ambapo RAM ina upana wa biti 128, yaani chaneli mbili. Laptopu ile ile, prosesa ile ile, ikiwa na kipande kimoja, hujitambulisha kama UHD Graphics, jina la daraja la chini. Ongeza kipande cha pili, washa mashine, na jina linarudi kuwa Iris Xe. Chipu haikuguswa. Upande wa Apple nako kuna funzo la aina hiyo. Mwaka 2021 walitoa M1 Pro na M1 Max. Viini vya prosesa vilikuwa sawa, hadi 10 kwa kila moja. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye grafiki, viini 16 dhidi ya 32, na njia ya kumbukumbu ikapanuliwa kutoka gigabaiti 200 kwa sekunde hadi 400. Mhandisi aliyeongeza upana huo alijua anaufanyia nani.

Hapa naombwa nijibu pingamizi la fundi, na ni pingamizi zito: "Mwalimu, maneno yako mazuri, lakini wateja wangu wakiweka pacha mashine inaruka kweli. Nimeona kwa macho." Sina sababu ya kubisha kwamba ameona. Nabisha sababu. Mteja aliyekuja na gigabaiti 4 na kuondoka na pacha za 8 na 8 amebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja: chaneli zimeongezeka, na jumla imepanda mara nne. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo lililomfurahisha. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. RAM ya laptopu hujibu kwa takriban nanosekunde 100. SSD hujibu kwa muda unaokaribia maikrosekunde 100, yaani mara elfu moja zaidi. Diski ya kuzunguka, ambayo bado imo kwenye mashine nyingi za zamani, huchukua milisekunde 10 hivi, ambazo ni mara laki moja. Mbele ya pengo la mara laki moja, chaneli ya pili haina la kusema. Mtu anayefungua vichupo ishirini kwenye kivinjari huku WhatsApp na Zoom zikiwa wazi atapata nafuu kubwa zaidi kwa gigabaiti 12 za mchanganyiko kuliko kwa gigabaiti 8 za pacha safi, na fundi anayemwambia atoe kile kipande cha 8 ili aweke viwili vya 4 vinavyofanana amemrudisha nyuma na kumtoza pesa juu yake.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, kwa watu wanaofanya kazi nzito. Wanasema nimewasahau. Sijawasahau, na kwao nakubali zaidi ya nusu ya njia. Kufinya faili kubwa kwa 7-Zip au WinRAR hufaidika na chaneli mbili kuliko kazi za ofisini. Kuhariri video vivyo hivyo, hasa pale grafiki ya ndani inaposaidia. Na kuna kazi mpya ambayo inafaa kuliko zote kueleza jambo hili: kuendesha modeli ndogo ya lugha kwenye laptopu yenyewe bila intaneti, jambo ambalo wanafunzi na waandishi wa programu wameanza kulijaribu. Modeli ya kawaida ya aina hiyo, ili itoe neno moja au kipande cha neno, hulazimika kusoma uzito wake wote kutoka kwenye RAM. Ikiwa na ukubwa wa gigabaiti 4, na RAM inapitisha 19.2 kwa sekunde, haiwezi kuvuka vipande 5 kwa sekunde hata prosesa iwe na nguvu kiasi gani. Kwa chaneli mbili kikomo kinasogea hadi karibu 10. Kashe haisaidii, kwa kuwa gigabaiti 4 hazienei ndani ya megabaiti 6. Hiyo ndiyo sura ya kazi inayostahili chaneli ya pili: inasoma data nyingi, mfululizo, na hairudii ile iliyokwisha kusoma mpaka imalize nyingine yote. Lakini hata hapo, modeli haijui wala haijali kama vipande viwili ni pacha wa pakiti moja.

Pingamizi la tatu ndilo linalowatisha watu: kwamba RAM za mchanganyiko huangusha mashine, skrini ya bluu, kuganda, faili kuharibika. Yapo matukio ya namna hiyo, ila sababu yake huwa na jina, na jina hilo si mchanganyiko wa chapa. Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo iliyoandikwa kasi na vipimo ambavyo kipande hicho kinamudu. Laptopu ikiwaka husoma chipu hizo zote na kuchagua mwendo ambao vipande vyote vinauweza. Ukichanganya 3200 na 2400, zote zitaenda kwa 2400. Umepoteza kasi kidogo, hujapoteza mashine. Kinacholeta balaa ni mambo mengine. Laptopu za kizazi cha nne cha Intel, mathalani HP EliteBook 840 G1, zinahitaji DDR3L ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida, ya volti 1.5, inaingia kwenye sloti hiyo hiyo, pini 204 zile zile, pengo mahali pale pale, na mashine inagoma kuwaka. Hapo kosa ni volti. Mara nyingine kipande ni kibovu tu, au meno yake yana uchafu, au hakikukaa vizuri. Kipande kibovu kitaangusha mashine hata kikiwa na pacha wake aliyetoka naye pakiti moja. Dawa ni kukipima: acha MemTest86 ipite usiku kucha kabla ya kumlipa muuzaji, kama atakubali, na akikataa umekwisha kujifunza kitu.

Lakini jamani, mtauliza, kampuni zinauza jozi zilizopimwa pamoja kiwandani, na kwa nini ziuze kama hazina maana? Maana zinayo, ila mahali pake ni kompyuta za mezani za watu wanaosukuma RAM kupita kiwango rasmi. Ukitaka kuendesha RAM kwa kasi ambayo haimo kwenye viwango vya JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya kumbukumbu, tofauti ndogo kati ya vipande inaweza kuamua kama mashine itasimama au itaanguka, na hapo jozi iliyopimwa pamoja ni bima. Laptopu nyingi haziruhusu mchezo huo. Zinaendesha RAM kwa viwango rasmi, ambavyo kila kipande kizima kinapaswa kuvimudu chenyewe. Ningemshauri mnunuzi atazame kitu kingine kwenye lebo, ambacho wauzaji hawakitaji kabisa: yale maandishi madogo kama 1Rx8, 2Rx8 au 1Rx16. Kwenye DDR4, kipande cha 1Rx16 kimejengwa kwa chipu chache zenye makundi machache ya kufanyia kazi kwa zamu, na huwa nyuma kidogo ya 1Rx8 au 2Rx8 chenye kasi ile ile ya kuandikwa. Ni tofauti ndogo, lakini ni tofauti ya umbo la kumbukumbu yenyewe, na kwa hiyo ni ya haki zaidi kuliko tofauti ya stika.

Bei nayo imebadilisha hesabu. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, kwa sababu watengenezaji wakubwa walielekeza uwezo wao kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, chapa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la watu wanaojiongezea RAM wenyewe. Katika soko la namna hii, kutupa kipande kizima cha gigabaiti 8 ili kupisha jozi mpya ni anasa. Wapo wanaoniuliza pia kama ni bora kununua kipande kimoja cha 16 na kuacha sloti wazi kwa siku za mbele, au viwili vya 8. Kwa mwenye laptopu isiyo na kadi ya grafiki, anayecheza michezo au kuhariri video, viwili vya 8 leo. Kwa mwanafunzi au mhasibu anayejua kwamba mwakani atahitaji 32, kimoja cha 16, na asihofu. Atakachopoteza mwaka huu ni kidogo.

Kabla ya yote hayo, jua laptopu yako ina sloti ngapi. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory, utaona sloti zilizotumika na jumla yake. Programu ya CPU-Z itakuonyesha kama chaneli zinazofanya kazi ni moja au mbili. Msitegemee jina la familia ya mashine. ThinkPad X230 ya mwaka 2012 ilikuwa na sloti mbili. Kuanzia X240 hadi X270 ikabaki moja, na hakuna ufundi utakaoipa chaneli ya pili, kwa hiyo anayeuziwa "pacha" kwa ajili ya X270 anauziwa kipande kitakachokaa mfukoni. X280 ikaja na RAM yote imechomelewa kwenye ubao. Viwanda sasa vinaelekea huko, ingawa mlango mwingine umefunguliwa: Desemba 2023 JEDEC ilipitisha kiwango cha CAMM2, kipande kimoja bapa kinachobeba chaneli zote mbili, na mwaka 2024 Lenovo ikakiweka kwenye ThinkPad P1 ya kizazi cha saba. Kwenye mashine ya aina hiyo hakuna jozi ya kutafuta. Katikati ya hayo ipo ThinkPad T480s, ambayo madalali wetu wanayo kwa wingi: sehemu ya RAM imechomelewa, mara nyingi gigabaiti 8, na kando kuna sloti moja. Pacha wa chipu zilizochomelewa hauzwi popote. Weka kipande cha 8 cha kampuni yoyote, utapata 16 zenye chaneli mbili kamili. Weka cha 16, utapata 24, na kati yake 16 ni za chaneli mbili na 8 za chaneli moja. Mimi ningechukua hicho cha 16.